Uzamili wa Anthropolojia: Panga Kozi Zako Ukianzia Mwisho

Nenda kwenye rafu ya vitabu kuhusu Waswahili katika maktaba yoyote kubwa, usome majina yaliyoandikwa migongoni mwa vitabu hivyo. Utamkuta A. H. J. Prins, Mholanzi aliyeandika juu ya watu wa Pwani mwaka 1961 na juu ya vyombo na mabaharia wa Lamu mwaka 1965. Utamkuta Abdul Hamid el Zein, Mmisri, ambaye kitabu chake cha mwaka 1974 kinazungumzia dini na matabaka ya watu mjini Lamu. Wapo pia Marc Swartz na Waswahili wa Mombasa (1991), John Middleton (1992), Susan Hirsch aliyefuatilia kesi za wanawake katika mahakama za kadhi (1998), na Janet McIntosh aliyeandika juu ya Malindi (2009).

Hao wote walifanya kazi ya maana, na wazee wetu waliwafungulia milango na kuwamiminia kahawa. Lakini swali linabaki: wenyeji wako wapi? Katika historia tunaye Profesa Ahmed Idha Salim, aliyechapisha kitabu chake juu ya Waswahili wa Pwani ya Kenya mwaka 1973. Zamani zaidi tunaye Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maelezo yake ya desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani na Carl Velten mwaka 1903. Katika anthropolojia hasa, sisi tumekuwa watoaji habari kuliko waandishi.

Vijana wanaotaka kubadilisha hali hiyo wapo, wa kike na wa kiume. Tatizo ni kwamba wengi wao huingia chuoni kwa shauku, wakamaliza masomo ya darasani vizuri, kisha tasnifu ikawakwamisha. Miaka inapita, karo inadaiwa, kazi na familia zinaita, na shahada inabaki nusu. Aghalabu sababu haiwi uvivu. Kozi zilichaguliwa kwa kufuata ratiba au urahisi wa mtihani, na siku ya kuandika tasnifu ilipofika, hakuna hata moja iliyomwandaa mwanafunzi kwa kazi hiyo. Makala haya yanaeleza jinsi ya kupanga masomo hayo mapema ili darasa na tasnifu viwe safari moja.

Taaluma yenyewe

Anthropolojia ni elimu ya binadamu na maisha yake: wanavyooana, wanavyogawana mali, wanavyozika, wanavyoabudu, wanavyogombana na kupatana. Kinachoitofautisha na taaluma nyingine za jamii ni njia yake ya kutafuta elimu. Mtafiti hukaa na watu kwa muda mrefu, akajua lugha yao, akashiriki shughuli zao, akaandika kila siku alichokiona na kukisikia. Njia hii ilipata umaarufu kupitia kwa Bronisław Malinowski, aliyekaa visiwa vya Trobriand katika bahari ya Pasifiki wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza na kuchapisha kitabu chake Argonauts of the Western Pacific mwaka 1922. Kitabu hicho kinahusu safari za mitumbwi na kupeana vitu vya thamani kati ya visiwa. Mtoto wa Faza au Vanga atakisoma kwa wepesi, kwa sababu mambo ya chombo, upepo na heshima ya nahodha anayajua tangu utotoni.

Hapa Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi kina historia ndefu katika fani hii. Taasisi yake ya Taaluma za Kiafrika ilianzishwa mwaka 1970 chini ya Profesa Bethwell Ogot, na kutokana nayo ikaja idara inayofundisha anthropolojia hadi ngazi za juu.

Shahada ilivyojengwa

Kwa kawaida uzamili katika vyuo vyetu huchukua miaka miwili kwa anayesoma muda wote. Mwaka wa kwanza ni wa kozi za darasani, ambazo wanafunzi huziita yuniti. Mwaka wa pili ni wa utafiti na tasnifu. Kozi ni za aina mbili: za lazima, ambazo kila mtu hupitia, na za hiari, ambazo mwanafunzi hujichagulia. Vyuo vingine vinaruhusu njia mbili za kumaliza: kozi na tasnifu kamili, au kozi nyingi zaidi pamoja na mradi mfupi wa utafiti. Anayekusudia kuendelea na uzamivu afuate njia ya tasnifu. Anayetaka shahada kwa ajili ya kazi katika kaunti, makavazi au mashirika, mradi mfupi waweza kumtosha.

Kuhusu kujiunga, vyuo vingi hutaka shahada ya kwanza yenye daraja la pili la juu. Mwenye daraja la pili la chini huenda akaombwa aonyeshe uzoefu wa kazi. Sisi wenye diploma hatuna budi kupitia shahada ya kwanza kabla ya kubisha hodi hapo. Si lazima shahada hiyo ya kwanza iwe ya anthropolojia. Aliyesoma Kiswahili, historia, sosholojia au masomo ya Kiislamu anaweza kukubaliwa, ingawa huenda akatakiwa aongeze kozi za msingi. Hilo ulizia mapema kwa sababu linaongeza muda na gharama.

Anza na swali lako

Kabla hujachagua kozi hata moja, andika swali unalotaka tasnifu yako ilijibu. Ukurasa mmoja unatosha. Swali litabadilika njiani, na hilo ni jambo la kawaida, lakini bila hilo hutajua kozi gani inakufaa na ipi ni ya kujaza nafasi tu.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari mpya ya mradi wa LAPSSET. Gati la kwanza la bandari hiyo lilifunguliwa Mei 2021. Wanasheria walitazama haki, na wahandisi wakatazama kina cha maji. Mwanaanthropolojia ana swali lake, nalo ni jepesi kulitamka: mvuvi ni nani?

Je, ni mwenye mashua ambaye hajaingia baharini miaka kumi? Ni baharia anayepata fungu lake baada ya fungu la chombo na la nyavu kutolewa? Ni mama karanga anayenunua samaki ufuoni, akawakaanga na kuwauza jioni mtaani? Ni mama anayechokoa pweza mwambani maji yakitoka, au kijana anayetafuta kaa kwenye mikoko? Ni tajiri anayewakopesha wavuvi mafuta na barafu? Orodha ya fidia popote duniani ni lazima ikate mahali, na pale inapokata pana mtu anayebaki nje. Kuijua jamii kwa undani kiasi cha kusema ni nani yuko ndani na kwa nini, ndiyo kazi ya anthropolojia. Jibu likipatikana lina uzito wa shilingi mfukoni mwa mtu.

Kozi za lazima

Kozi ya nadharia huwa ya kwanza, na ndiyo inayoogopwa zaidi. Usiisome kama orodha ya majina ya wazee wa Ulaya. Kila nadharia iulize swali lako. Mfaransa Marcel Mauss aliandika mwaka 1925 juu ya zawadi na deni linalofuatana nayo. Msome ukifikiria kitoweo anachopewa jirani aliyekuja ufuoni mikono mitupu: je, kile ni sadaka, ni haki yake, au ni deni? Na bandari ikipunguza samaki, ni nani wa kwanza kukosa kitoweo hicho?

Kozi ya mbinu za utafiti ndiyo uti wa mgongo. Hapo hufundishwa uchunguzi wa kushiriki, mahojiano, kuchora nasaba, kukusanya historia za maisha, na kuandika madaftari ya nyanjani. Ukipewa zoezi, lifanyie kwenye mada yako. Mwalimu akisema hoji mtu mmoja kwa saa moja, mtafute mvuvi. Ukiwa Nairobi, nenda soko la samaki.

Kozi ya takwimu wengi hutaka kuikwepa. Usiikwepe. Atakayesema kwamba mama karanga wameachwa nje ya hesabu ni lazima awe na hesabu yake. Jifunze kutunga hojaji, kuchagua sampuli na kusoma jedwali. Hakuna anayekutaka uwe mwanahisabati.

Kozi za hiari

Hapa ndipo mpango huonekana au hukosekana. Kwa swali letu la mvuvi, kozi zenye faida ni anthropolojia ya uchumi, anthropolojia ya sheria, mazingira na jamii, na jinsia. Kozi ya dini yaweza kupendeza sana, lakini kwa mwanafunzi huyu itakuwa pambo. Kwa mwenzake anayetaka kutafiti maulidi ya Lamu, kozi hiyohiyo ya dini ndiyo nguzo, na ya mazingira ndiyo pambo. Anayetaka kutafiti talaka na matunzo achukue sheria, jinsia na kozi ya ukoo na ndoa.

Mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, kozi zilizoorodheshwa kwenye kijitabu cha chuo si zote zinazofundishwa kila mwaka. Mwalimu akienda likizo ya utafiti, kozi yake hulala. Uliza zipi zitatolewa katika mihula miwili ijayo, kisha upange. Pili, kozi ni njia ya kumpata msimamizi. Mwalimu unayemtamani akusimamie, soma kwake muhula wa kwanza. Akiona kazi yako atajua kama anaweza kusafiri nawe, na wewe utajua kama ni mtu wa kujibu ujumbe na kurudisha sura kwa wakati.

Kila insha iwe tofali

Mwanafunzi wa uzamili huandika insha moja au mbili kwa kila kozi. Akichukua kozi nane, atakuwa ameandika kurasa nyingi kabla hajafika kwenye tasnifu. Kurasa hizo zikiwa juu ya mada nane tofauti, anaanza tasnifu mikono mitupu. Zikiwa zote zinazunguka swali moja, nusu ya ujenzi imekwisha.

Tunao mfano wa hapa nyumbani. Jomo Kenyatta alisoma kwa Malinowski katika London School of Economics miaka ya 1930. Maandishi aliyoyatayarisha kwa ajili ya masomo hayo ndiyo yaliyozaa kitabu chake Facing Mount Kenya, kilichochapishwa mwaka 1938. Unaweza kukubali au kukataa aliyoyasema humo, lakini mpangilio wake wa kazi una funzo.

Kwa mwanafunzi wetu wa Lamu, mpango waweza kuwa hivi:

Muhula wa kwanza: nadharia, mbinu za utafiti, na kozi moja juu ya jamii za Afrika. Insha ya nadharia iwe juu ya kugawana mavuno ya baharini. Insha ya jamii za Afrika iwe mapitio ya walioandika juu ya uvuvi wa Pwani, na hiyo ndiyo sura ya pili ya tasnifu ikianza kuota.

Muhula wa pili: takwimu, uchumi, sheria. Insha ya sheria ichambue hukumu ya 2018. Insha ya uchumi ieleze mafungu ya chombo, nyavu na mabaharia. Zoezi la takwimu liwe hojaji ya majaribio.

Likizo baada ya hapo: wiki mbili au tatu nyumbani, kulijaribu swali. Hapo ndipo utajua kama watu wanataka kulizungumza, na kwa maneno gani.

Mwaka wa pili: kutetea pendekezo la utafiti, vibali, kazi ya nyanjani, kisha kuandika.

Mwenyeji anapotafiti kwao

Mgeni hufika na ujinga wake, akauliza kila kitu, na hujibiwa. Mwenyeji akiuliza mahari ya binti wa fulani ilikuwa kiasi gani, huambiwa, “Wewe mwanangu, hayo huyajui?” Au hunyamaziwa, kwa kuwa anajulikana ni mtoto wa nani na habari itafika wapi. Kuna pia milango isiyofunguka kwa kila mtu. Mwanamume hatakaa na kina mama wakipamba bibi harusi, na msichana huenda asikaribishwe barazani wazee wanapozungumza mambo ya ardhi. Haya yaandike kwenye pendekezo lako tangu mwanzo, na uchague mada ambayo mlango wake waweza kuufungua, au mtafute mwenzako wa kukusaidia upande wa pili.

Siri ni jambo jingine. Vitabu vya mbinu vinasema badilisha jina la aliyekupa habari. Katika mji mdogo jina peke yake halitoshi. Ukiandika “nahodha mmoja mwenye jahazi mbili, aliyeoa Pate”, mji mzima umemjua. Kozi ya maadili ya utafiti, pale inapotolewa, ichukue hata kama haina alama nyingi. Wewe utarudi kuishi na watu hao, utawazika na watakuzika.

Lugha nayo ina mahali pake katika mpango. Mahojiano yatakuwa kwa Kiamu, Kimvita au Kipate, na tasnifu aghalabu itakuwa kwa Kiingereza. Kozi moja ya isimu itakusaidia kutafsiri bila kulipoteza neno. Ikiwa utafiti wako unahitaji hati za kale zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, jipime kusoma kwako mapema. Hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni kupitia mradi wa British Library, kwa hiyo mwanafunzi aliye Nairobi anaweza kuanza nazo kabla hajapanda basi.

Kalenda ya bahari na ya mwezi

Chuo kina kalenda yake, lakini utafiti wa Pwani unafuata kalenda nyingine mbili. Ya kwanza ni ya pepo. Wakati wa kusi bahari huchafuka, na wenye vyombo vidogo hawafiki mbali. Anayetafiti uvuvi akiwa nyanjani wakati wa kusi peke yake ataandika nusu ya habari. Kaskazi nayo lazima aione.

Ya pili ni ya mwezi. Maulidi ya Lamu husomwa Mfungo Sita, na mwaka wa Kiislamu hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka wa kawaida. Ukipiga hesabu vibaya, maulidi yatakukuta katika chumba cha mtihani na utasubiri mwaka mzima. Vilevile mwezi wa Ramadhani, maisha ya mchana na usiku hubadilika. Kwa mada nyingine hiyo ni nafasi ya dhahabu, kwa nyingine ni mwezi ambao mahojiano hayatapatikana.

Juu ya hayo kuna vibali. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2013, mtafiti anahitaji leseni ya NACOSTI, na kabla ya hapo idhini ya kamati ya maadili ya utafiti iliyotambuliwa. Baada ya leseni, ni desturi kujitambulisha kwa afisi za serikali katika kaunti unakokwenda. Vitengee vibali miezi kadhaa. Rasimu ya fomu za ridhaa iandike ukiwa bado kwenye kozi ya mbinu, ili mwalimu aikosoe bure.

Ukienda ng'ambo

Wengine hupata ufadhili wa nje. Uingereza, uzamili mwingi ni wa mwaka mmoja, kwa hiyo kazi ya nyanjani huwa ya wiki chache au haipo kabisa. Ukienda huko, nenda na swali lililoiva. Marekani, idara nyingi zinafuata mapokeo ya matawi manne: utamaduni, akiolojia, lugha, na baiolojia ya binadamu. Huko huenda ukatakiwa uguse matawi yote. Kwa mtu wa Pwani, akiolojia si mzigo. Mkenya Chapurukha Kusimba aliitumia kueleza kuinuka na kuanguka kwa miji ya Waswahili katika kitabu chake cha mwaka 1999.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa karo

Ni kozi zipi za hiari zitakazofundishwa katika mihula miwili ijayo? Naweza kuchukua kozi moja au mbili katika idara nyingine? Masomo ni ya mchana, jioni au mwisho wa wiki? Ni nani katika idara amewahi kutafiti Pwani au Uislamu? Wanafunzi walioingia miaka mitatu iliyopita, wangapi wamehitimu? Msimamizi hupangwa lini, na nikikosana naye utaratibu ni upi? Karo ya mwaka wa tatu ni kiasi gani, kama utafiti utachelewa?

Swali la wahitimu usilione aibu. Ndilo litakalokueleza ukweli wa idara kuliko picha zilizo kwenye kijitabu.

Wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Nyenzo za kuandika juu yetu wenyewe tunazo nyingi: lugha, jamaa, wazee ambao bado wanazungumza. Wazee hao hawatungoji. Anayekusudia kuomba nafasi muhula ujao, aandike ule ukurasa wake mmoja wiki hii, ampelekee mwalimu mmoja na mvuvi mmoja wausome. Wote wawili wakiuliza maswali, inshallah mada imepatikana.